Ndoo Haina Undugu

Mtaani kwetu nimepewa majina mengi tangu nistaafu, lakini lililoshika ni Bwana Ndoo, nami silikatai. Kwangu hakiingii kitu jikoni kabla hakijapita ndooni. Ndoo yenyewe haina maajabu. Ni ile ya lita 20 iliyokuja na rangi ya ukuta, ikasuguliwa, ikawa ya maji. Humo nimeshatia mayai, maharage, kinyago na mkufu wa mama watoto. Wapo majirani wanaosema nimezeeka vibaya. Mimi nasema nimeishi Dar es Salaam muda wa kutosha.

Mji huu kila muuzaji ana kiapo. Ataapa kwa Mungu, akiona umekunja uso ataapa kwa mama yake, ukianza kuondoka ataapa kwa mtoto anayemsomesha. Machungwa ya Muheza, mchele wa Kyela, asali ya Tabora, vyote vimeshuka leo alfajiri, na vyote vina mashahidi waliokaa kwenye benchi pembeni wakiitikia kwa vichwa. Sasa kiapo utakipima kwa mizani gani? Maji hayaapi. Hayamjui mtu, hayaitwi pembeni, hayana shemeji mwenye genge. Unatia kitu, kinazama au kinaelea, kesi imekwisha na rufaa hakuna. Katika nchi ambayo kila dirisha linakwambia njoo kesho, hii ndiyo huduma ya haraka kuliko zote ninazozijua, na nashangaa bado hawajaiwekea tozo.

Nianze na mayai, maana ndiyo yaliyoniharibia ujirani na mwenye duka la mkabala. Yai lililotagwa jana huzama likalala ubavu chini kabisa. Likikaa wiki moja mbili, ncha yake nene huanza kuinuka. Likizidi hapo linasimama wima, bado limegusa chini. Lile linalopanda mpaka juu na kutoa upara nje ya maji, hilo usilipasue mbele ya wageni. Uchawi hapo hakuna. Ganda la yai ukilitazama utadhani limezibwa, kumbe lina vitundu vidogo kwa maelfu. Maji ya ndani hutoka humo yakiwa mvuke, gesi nayo hutoka, na hewa ya nje huingia kukalia nafasi iliyoachwa. Chumba cha hewa kwenye ncha nene hupanuka siku hadi siku. Ganda halisinyai, kwa hiyo ukubwa wa yai haubadiliki, uzito ndio unaopungua, kama ofisi inayoondokewa na wafanyakazi mmoja mmoja huku kibao cha mlangoni kikibaki na herufi zilezile. Siku yai zima, ganda na vilivyomo, litakapokuwa jepesi kuliko maji yanayoweza kujaa nafasi yake, litaelea.

Nilipomrudishia mwenye duka yale yaliyoelea, hakuipinga sayansi. Aliigeuza.

"Mzee wangu, hayo ni ya kuku wa kienyeji. Kuku wa kienyeji anakimbia kutwa nzima, yai lake haliwezi kuwa na uzito."

Nilimtazama tu. Akaona halijaingia, akaongeza la pili: maji ya mtaa wetu ni ya kisima, yana chumvi, ndiyo maana mayai yanaelea. Hapo nikamheshimu kidogo, maana alikuwa amegonga ukweli akipita zake. Maji ya chumvi kweli ni mazito kuliko maji matamu, na ukikoroga chumvi ya kutosha ndooni hata yai la leo asubuhi litapanda juu. Watu wa zamani waliokuwa wakihifadhi vyakula katika maji ya chumvi walikuwa wakitia yai kujua kama chumvi imekolea. Lakini yai bichi jipya huzama hata katika Bahari ya Hindi. Ili kisima chetu kilielezee yai, kingepaswa kuwa na chumvi kuishinda bahari, na chai ya kisima hicho ingetumaliza kabla ya mayai yake. Nilimweleza hayo yote kwa utulivu. Tangu siku hiyo akiniona ninakuja anamwita mdogo wake aje kunihudumia.

Maharage nayapitia haraka, kwa sababu nilipomwonyesha mama watoto kwamba yaliyobunguliwa yanaelea na mazima yanazama, alinitazama kwa huruma. "Baba Neema, kwani wewe ulidhani tunayaoshea nini?" Kumbe wanawake wa nchi hii wamekuwa wakiyachuja maharage kwa maji tangu enzi na enzi: mdudu anakula ndani, anaacha tundu, tundu linajaa hewa, harage linapanda juu, linamwagwa. Bibi yake alijua. Mama yake alijua. Hakuna hata mmoja aliyepewa kanuni yenye jina lake.

Mwenye kanuni yenye jina lake ni Archimedes, na huyo ndiye aliyetuletea ugomvi mwingine nyumbani. Kijana wetu yuko kidato cha kwanza, na huko ndiko wanakofundishwa kanuni ya Archimedes na sheria ya kuelea. Ameikariri kwa Kiingereza bila kuvuta pumzi. Nikamwambia vizuri sana, sasa nieleze kwa nini msumari unazama na meli ya chuma inaelea.

"Baba, hiyo haikuwepo kwenye notisi."

Ada nimelipa, daftari nimenunua, mchango wa mlinzi nimetoa, na meli ya chuma haimo kwenye notisi. Basi nikamkalisha pale pale penye ndoo. Nikamwambia maji yana uzito wake, na kadiri unavyokwenda chini ndivyo yanavyobana zaidi. Ukizamisha kitu, maji ya chini yake yanakisukuma juu kwa nguvu kuliko maji ya juu yake yanavyokikandamiza chini. Tofauti ya nguvu hizo mbili ndiyo msukumo, na Archimedes alionyesha kwamba msukumo huo ni sawa kabisa na uzito wa maji ambayo kitu hicho kimeyahamisha. Kitu kikiwa kizito kuliko maji kinayoyahamisha, kinazama. Kikiwa chepesi, kinapanda hadi kihamishe maji ya uzito wake tu, kisha kinatulia. Msumari hauna nafasi ya kuhamisha maji mengi. Chuma hichohicho ukikifua kikawa bati, ukakikunja kikawa karai, kinaweza kuhamisha maji ya ukubwa wa tumbo lote la karai, ile hewa iliyomo ikiwa ndani ya hesabu. Nikatupa msumari ndooni, nikaweka na bakuli la bati. Kijana akatazama, akauliza kama hilo litatoka kwenye mtihani.

Kinachoniudhi zaidi ni jinsi habari ya Archimedes inavyosimuliwa. Kila mtu anakumbuka kwamba alitoka bafuni uchi akakimbia barabarani akipiga kelele kuwa amepata. Wanacheka, wanafunga kitabu. Hakuna anayekumbuka kwamba jambo lenyewe lilikuwa malalamiko ya mteja! Mfalme Hiero wa Syracuse, kule Sisilia, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alimpa sonara dhahabu amtengenezee taji. Taji likaja, likapimwa, uzito ukawa uleule. Lakini mfalme akanong'onezwa kwamba sonara amechomoa dhahabu akachomeka fedha. Sasa atajuaje bila kuliyeyusha? Ndipo akamwita Archimedes. Kwa hiyo elimu yote hii ya kuelea na kuzama, kwa mujibu wa kisa hicho, imetoka kwa mtu aliyehisi ameibiwa na fundi. Mimi na mfalme Hiero tuko chama kimoja, ila yeye alikuwa na mwanahisabati, mimi nina mtoto wa kidato cha kwanza.

Aliyetuandikia kisa hicho ni Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, aliyeishi karne mbili baadaye, na mtu mwenye shaka zake ana haki ya kukihoji. Tukadirie taji la kilo moja. Dhahabu tupu ya kilo moja inachukua nafasi ya sentimita za ujazo 52 hivi. Ukichomoa theluthi moja ukaweka fedha, inakuwa 66. Tofauti ni 14, hata kijiko kimoja cha chakula haijazi. Ukitia taji kwenye beseni lililojaa na kukinga maji yanayomwagika, matone yatakayobaki kwenye ukingo yanatosha kukuvuruga. Galileo aliliona hilo mwaka 1586, akiwa kijana wa miaka 22, akaandika kwamba mtu wa kaliba ya Archimedes asingetumia njia ya kubahatisha namna hiyo. Njia nzuri ni kuning'iniza taji kwenye mizani likiwa ndani ya maji. Dhahabu tupu ya kilo moja, ikipimwa majini, husoma gramu 948. Ile iliyochakachuliwa husoma 934. Mizani nzuri ya sonara haiwezi kukosa kuiona tofauti hiyo.

Mama watoto alinikuta na mkufu wake umening'inia kwenye uzi, mizani ya kuazima mezani, glasi ya maji chini yake.

"Unapima nini?"

Nikamwambia napima dhahabu.

"Si ulininunulia wewe mwenyewe?"

Matokeo sitayaandika hapa. Nitasema tu kwamba wezi wa dunia nao wamesoma. Ipo metali iitwayo tangisteni ambayo uzito wake kwa ujazo ni 19.25, na dhahabu ni 19.3. Majini hutaona tofauti. Vipande vya dhahabu vilivyotiwa tangisteni tumboni vimewahi kukutwa sokoni, hata Marekani kwenyewe. Leo hii Archimedes angekimbia uchi bure.

Hapa kwetu bado hatujafika kwenye tangisteni. Tuko kwenye dawa ya viatu. Nilinunua kinyago cha mzee mwenye mkongojo, nikaambiwa ni mpingo halisi. Sasa mpingo ni mti wa ajabu. Miti mingi huelea kwa sababu ndani yake imejaa vijumba vidogo vyenye hewa. Ule ubao wenyewe, ukiutoa hewa yote, ni mzito kuliko maji mara moja na nusu, ndiyo maana gogo likiloa miaka mingi hatimaye huzama. Mpingo hauna haja ya kungoja kuloa. Unakua polepole mno, kiini chake kimeshonana, na ukikitupa majini kikavu kinakwenda chini moja kwa moja. Ndio mti waliojipatia nao sifa wachongaji wa Kimakonde, na ndio unaotengenezewa klarineti huko Ulaya. Mzee wangu mwenye mkongojo nilipomtia ndooni alielea chali, akanitazama, na maji yakaanza kuwa meusi. Baada ya muda mfupi alikuwa Mzungu.

Nikamrudisha kwa aliyeniuzia. Alimshika, akamgeuza, wala hakutahayari.

"Mzee, shikamoo. Lakini nani alikwambia kinyago kinaogeshwa?"

Jibu hilo nimelitafakari hadi leo na sijapata la kumjibu.

Na mwili wetu je? Shemeji yangu, kijana wa mazoezi, miraba minne, anakula mayai meupe tu na anazungumzia misuli yake mmoja mmoja kwa jina. Sikukuu tulikwenda baharini. Mimi nililala chali juu ya maji, kofia usoni, tumbo likipunga upepo, nikaelea bila kutikisa hata kidole. Yeye akijaribu kulala, miguu inakwenda chini, kiuno kinafuata, kisha anakohoa. Nilifurahi kupita kiasi. Mafuta ya mwili ni mepesi kuliko maji, uzito wake kwa ujazo ni kama 0.9. Misuli ni mizito, 1.06, na mifupa inazidi hapo. Maji ya bahari ni 1.025 hivi. Hesabu hiyo haihitaji kalamu: aliyekula vizuri anaelea, aliyekula mayai meupe anakohoa. Mama watoto akasema huko si kuelea, ni kitambi. Nikamwambia kule Bahari ya Chumvi, baina ya Yordani na Israeli, chumvi imezidi hata shemeji angeelea, kwa kuwa maji yake yamefika 1.24. Akaniuliza nauli ya huko ni shilingi ngapi.

Kabla sijaondoka pwani niseme moja bila mzaha, kwa kuwa linaokoa. Binadamu aliyejaza hewa mapafuni yuko karibu sana na mpaka wa kuelea na kuzama, na anachokitoa nje ya maji hakimsaidii tena. Mtu akiingiwa na hofu majini huweza kuinua mikono juu kuita watu. Mikono hiyo ikitoka majini, inaacha kuhamisha maji, uzito wake unabaki palepale, na kichwa ndicho kinacholipa kwa kwenda chini. Mikono ikae ndani ya maji, kichwa kilale nyuma, uso uangalie mbingu, na kelele zipigwe kwa mdomo.

Sasa vivuko. Ninapovuka kwenda ng'ambo husimama karibu na ngazi, nikasikiliza jinsi tunavyojazana. "Sogeeni jamani, nafasi ipo!" Maneno haya tumeyazoea kwenye daladala, na daladala husamehe: springi hulia, tairi hupasuka, tunashuka tunasukuma. Chombo cha majini hakina sehemu ya kushukia kusukuma. Kila abiria anayepanda anakishusha kidogo mpaka kihamishe maji ya uzito wake na mzigo wake, gunia la vitunguu likiwemo. Mbunge mmoja wa Uingereza, Samuel Plimsoll, alipigana na wenye meli waliokuwa wakizipakia kupita kiasi, mpaka ikatungwa sheria mwaka 1876 kwamba kila meli ichorwe mstari ubavuni. Mstari ukifunikwa na maji, mzigo umezidi. Mtoto wa chekechea angeweza kuukagua. Pembeni ya alama hiyo, katika meli za leo, mna mistari mingine kwa maji mengine, kwa sababu maji ya bahari na maji matamu hayabebi sawa. Mzigo uleule unaokishusha chombo kiasi fulani baharini hukishusha zaidi ziwani.

Na kuelea si kila kitu. Chombo kinaweza kuwa chepesi vya kutosha na bado kikapinduka, ikiwa uzito umekaa juu kuliko unavyotakiwa au umehamia upande mmoja. Kikiinama kidogo, msukumo wa maji nao huhamia upande ulioinama, na ndio unaokirudisha wima. Watu na mizigo wakijazana sitaha ya juu, msukumo huo huo unaishia kukisaidia kuanguka. Meli ya MV Bukoba ilipinduka tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, mamia ya watu wakafa. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 200. Hapa sina utani wa kuweka. Ninasema tu kwamba ninapomwambia mkata tiketi nitangoja kivuko kijacho, na nyuma yangu mtu anasonya kwamba wazee wanachelewesha watu, asonye tu. Nimestaafu, haraka yangu ya nini?

Sasa nimalizie na kesi ambayo haijafungwa, nayo ni ya maziwa.

Muuza maziwa wetu anakuja na pikipiki, madumu mawili ya njano yakining'inia pembeni, salamu nzuri, tabasamu zuri, maziwa yenye rangi ya mvua. Ndoo hapa haisaidii, maana maziwa hayazami wala hayaelei, yanachanganyika tu na ushahidi unapotea. Nikanunua laktomita. Kwa asiyeijua, ni kijiti cha kioo chenye tumbo, chini kimetiwa uzito ili kisimame wima, juu kina vipimo. Unakiachia ndani ya maziwa. Maziwa mazito yanakiinua, mepesi yanakiacha kishuke, nawe unasoma pale uso wa maziwa ulipokata. Maziwa halisi ya ng'ombe husoma takriban 28 hadi 32, maana yake uzito wake kwa ujazo ni 1.028 hadi 1.032. Maji matupu ni sifuri. Ukichukua maziwa ya 30 ukafanya sehemu moja katika kumi kuwa maji, kijiti kinashuka hadi 27. Ukizidisha ukarimu, kinazidi kushuka.

Siku ya kwanza kilisoma 22. Nikamwonyesha.

"Mzee, ng'ombe huyu anakunywa maji mengi mno. Ni joto."

Nikamwambia ng'ombe hana bomba linalounganisha tumbo na kiwele. Akasema basi ni kwa kuwa maziwa bado yana moto wa kukamuliwa. Hapo, lazima nikiri, alikuwa na hoja: maziwa ya moto hutanuka, yanakuwa mepesi kidogo, ndiyo maana kila laktomita imeandikwa joto lake la kupimia. Tukangoja yapoe. Tulikaa barazani sote wawili, akanihadithia habari za mkwewe. Yalipopoa yakasoma 23. Akasema mizani za siku hizi ni za Kichina.

Wiki iliyofuata alikuja yakasoma 30 kamili, nikampongeza, nikamlipa, nikajiona nimeshinda. Mama watoto akachemsha. Hakuna utando wa maana, chai haikubadilika rangi. Ndipo nikajua nimekutana na mtu mwenye elimu yake. Mafuta ya maziwa ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana malai hukaa juu. Ukiyaengua malai, maziwa yaliyobaki yanakuwa mazito kuliko mwanzo, laktomita inapanda hadi 34 na zaidi. Halafu unaongeza maji taratibu mpaka irudi 30. Umemwibia mteja mara mbili, malai umeuza kwingine, na kipimo kinakutetea! Wengine hutia sukari au unga kurudisha uzito. Vituo makini vya kukusanya maziwa vinalijua hilo, ndiyo maana haviridhiki na laktomita peke yake, hupima na mafuta. Kidato cha kwanza chote cha shule ya kijana wangu hakina mtu anayeijua sheria ya kuelea kumshinda huyu bwana wa pikipiki, na yeye hata notisi hana.

Kipimo cha mafuta ni ghali na sina nia ya kufungua maabara sebuleni. Kwa hiyo ndugu yangu muuza maziwa, kama safu hii imekufikia, naomba tuelewane kiungwana. Yale madumu yako mawili, moja lilete na maziwa, la pili lilete na maji. Nitachanganya mwenyewe. Ila maji niuzie kwa bei ya maji.